Kinda aliyeokotwa, kiota juu ya gari na chombo cha asali: jibu kwa mama wa Raleigh

Swali: *Shikamoo. Mimi ni mwenyeji wa Moshi, ninaishi na familia yangu Raleigh, North Carolina. Jana jioni watoto waliokota kinda chini ya mti uwani. Ana manyoya, kifua kina madoadoa, mkia ni mfupi, na hawezi kuruka. Tumemweka kwenye boksi la viatu na tunampa mkate uliolowekwa kwenye maziwa, lakini anakula kidogo sana. Pia nimetundika chombo cha maji matamu kwa ajili ya wale ndege wadogo wanaovuma kama nyuki. Nimetumia asali kwa kuwa naona ina afya kuliko sukari, na nimetia rangi nyekundu kidogo. Kuna mmoja anawafukuza wenzake wote. Halafu kwenye tawi la mwaloni, juu ya mahali tunapoegesha gari, kuna kiota kidogo mno chenye makinda wawili ninaowaona kutoka dirisha la ghorofani. Mama yao haonekani kwa muda mrefu na wao wako kimya kabisa. Nahofia ameliwa na paka. Je, niwashushe niwalishe mwenyewe? Na hawa wanaovuma ni jamaa wa chozi, wale ndege wadogo wa kwetu wanaofyonza maua?*

Jibu: Marahaba, mama. Nitaanza na kinda aliye kwenye boksi kwa sababu hali yake haisubiri, kisha nije kwenye kiota kilicho juu ya gari, ndipo nimalizie na maji matamu na yule mgomvi wako. Katika kinda na kiota jambo ni lile lile: ndege anayeonekana kuachwa, kwa kadiri ninavyoweza kuona kutokana na maelezo yako, hakuachwa, na msaada mkubwa unaoweza kumpa ni kumwachia mzazi wake nafasi ya kufanya kazi yake.

Kinda wako karibu hakika ni robini wa Marekani, ndege mwenye mgongo wa kijivu na kifua cha rangi ya matofali ambaye bila shaka umemwona mara nyingi asubuhi akitembea kwenye nyasi za uwani na kuvuta nyungunyungu kutoka ardhini. Wakubwa hawana madoadoa kifuani. Makinda ndio wanaokuwa nayo, na huyapoteza wanapobadili manyoya kabla ya majira ya baridi. Jike huatamia mayai kwa siku 12 hadi 14, na makinda hutoka kiotani wakiwa na umri wa siku 13 hivi, kabla mabawa yao hayajapata nguvu ya kuwabeba ipasavyo. Kwa hiyo kinda mwenye manyoya anayerukaruka chini ya mti kwa kawaida hakuanguka. Ametoka kiotani kwa wakati wake, na kwa muda wa wiki mbili hivi zinazofuata ataishi ardhini na kwenye vichaka vya chini huku baba yake akimletea chakula, wakati mama mara nyingi ameshaanza kushughulikia kiota kingine.

Watoto wako, kwa huruma yao njema, walimwondoa mahali ambapo wazazi wake walikuwa wanajua kumpata. Hilo linarekebishika, na usiku mmoja si muda mrefu kiasi cha kuwafanya wazazi wasahau. Mtazame kwanza. Akisimama imara, akiinua kichwa, akipanua mdomo unapogusa boksi, na vidole vyake vikishika kidole chako kwa nguvu unapomweka juu yake, mrudishe leo hii wakati bado kuna mwanga. Mweke kwenye kichaka kilicho karibu na mahali alipookotwa, penye kivuli na mbali na sisimizi, kisha ingieni ndani nyote, mfungie paka ndani kama mnaye, na mtazame kupitia dirishani. Kinda akianza kulia, mzazi mara nyingi hujibu na kufika na mdudu mdomoni. Watu wengi hukosea hapo: husimama hatua chache kutoka kwa kinda wakisubiri mama yake, na mama, akiwaona, hubaki mtini akipiga kelele za tahadhari bila kushuka. Baada ya saa moja mtazamaji anahitimisha kwamba kinda ni yatima, kumbe aliyemzuia mama asishuke ni yeye mwenyewe.

Lakini ukimkuta amejikunja, macho yamefumba, manyoya yametutumka, mwili ni wa baridi au bawa moja linaning'inia, usimrudishe uwani. Huyo anahitaji mtunzaji wa wanyamapori mwenye leseni. Vivyo hivyo kama saa mbili zimepita tangu umrudishe na hakuna mzazi aliyefika ilhali nyote mko ndani. Tume ya Rasilimali za Wanyamapori ya North Carolina ina orodha ya watunzaji hao kwenye tovuti yake, na ni vizuri kuitafuta leo kabla ya kuihitaji.

Kuhusu mkate na maziwa, tafadhali acha mara moja. Ndege hawanyonyeshi, na tumbo lao halina uwezo wa kumeng'enya sukari iliyo ndani ya maziwa, kwa hiyo maziwa humletea kinda kuhara na kumpotezea maji mwilini. Mkate nao humjaza tumbo bila kumpa protini, wakati kinda wa robini anakua kwa kasi ambayo ni wadudu na nyungunyungu tu wanaoweza kuilisha. Hatari kubwa zaidi ni maji. Mtu mwenye moyo mwema huchukua kitone au kijiko na kumdondoshea kinda maji mdomoni, bila kujua kwamba tundu la njia ya hewa ya ndege liko wazi nyuma tu ya ulimi. Tone lile huingia mapafuni, na kinda hufa akiwa mikononi mwa mtu aliyetaka kumwokoa. Makinda hupata maji yao kutoka kwenye chakula wanacholetewa. Hawahitaji kunyweshwa.

Huenda mtu amekwisha kukuambia, kama wanavyosema wengi Moshi na Raleigh vilevile, kwamba kinda akishaguswa na mkono wa binadamu mama yake atamkataa kwa sababu ya harufu. Si kweli. Ndege hawa humtambua kinda wao kwa sauti, kwa sura na kwa mahali alipo, na mzazi aliyekwisha kutumia wiki nzima za kuatamia na kulisha hamwachi mtoto kwa sababu ya harufu ya vidole. Osha mikono kabla na baada ya kumshika, hasa watoto, maana ndege wa porini huweza kubeba bakteria wa salmonela. Zaidi ya hapo, usiogope kumgusa pale inapolazimu.

Inalazimu hasa kwa kinda wa aina nyingine, yule ambaye bado ni wa kiotani kabisa: ngozi tupu ya waridi au yenye malaika machache tu, macho yamefumba au ndiyo kwanza yanafumbuka, manyoya ya mabawa bado yako ndani ya vifuko vyembamba, na vidole haviwezi kushika kitu. Huyu kweli ameanguka, na mahali pake ni kiotani. Ukikiona kiota na unaweza kukifikia kwa usalama, mrudishe ndani. Kama upepo umekiangusha au kimesambaratika, chukua kijikapu kidogo cha plastiki chenye matundu chini, kama vile vinavyouziwa stroberi, weka nyasi kavu au karatasi za jikoni ndani, kifunge kwa waya kwenye tawi la mti uleule karibu kadiri inavyowezekana na kilipokuwa kiota, kisha mweke kinda humo na uondoke. Wazazi hukubali kiota cha namna hii mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu kinachowavuta ni sauti na vinywa vilivyopanuliwa.

Umemtaja paka, na hofu yako ina msingi. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba paka nchini Marekani huua ndege kati ya bilioni 1.3 na bilioni 4 kwa mwaka, na sehemu kubwa ya vifo hivyo hutokana na paka wasio na mwenyewe au wanaozurura. Kinda asiyeweza kuruka ndiye mawindo mepesi kuliko wote. Ukimkuta kinda aliyekuwa mdomoni mwa paka, hata kama huoni tone la damu, usimrudishe mtini. Meno ya paka ni membamba na kidonda hujificha chini ya manyoya, lakini mate yake yana bakteria wanaoweza kumuua ndege katika siku mbili au tatu. Anahitaji antibayotiki mapema. Mweke kwenye katoni yenye matundu ya hewa, juu ya kitambaa laini kisicho na vitanzi vya nyuzi vya kunasa kucha zake, funika, weka mahali penye giza, kimya na joto, bila chakula wala maji, na mpigie mtunzaji. Chupa ya maji ya vuguvugu iliyozungushiwa kitambaa, ikiwekwa upande mmoja wa katoni ili ndege aweze kuisogelea au kuikimbia, inatosha kumpa joto njiani. Kama paka ni wa jirani, ninakushauri uende kuzungumza naye kwa upole, umwombe amfungie ndani angalau Mei hadi Julai, wakati makinda wengi wako chini.

Jambo moja zaidi kabla sijatoka kwa robini. Hapa Marekani, Sheria ya Mkataba wa Ndege Wahamao ya mwaka 1918 inakataza mtu asiye na kibali kumiliki ndege wa asili wa porini, mayai yake au kiota chake. Kumbeba kinda aliyeumia moja kwa moja hadi kwa mtunzaji ni jambo linaloeleweka. Kumlea nyumbani wiki nzima si halali, hata kwa nia njema. Nakueleza hivi kwa sababu wengi wetu tuliokulia Afrika Mashariki tumezoea kumwona mtoto akifuga ndege aliyemwokota, na hakuna aliyewahi kutuambia kwamba huku sheria ni nyingine.

Sasa kiota kilicho juu ya gari. Kwa udogo unaouelezea, ni cha wale wale ndege wanaovuma, yaani wavumaji. Katika nusu ya mashariki ya Marekani, ndege mvumaji anayezaliana ni wa aina moja tu, mvumaji koo-jekundu, ambaye kwa jina la kisayansi huitwa *Archilochus colubris*. Ana uzito wa gramu 3 hivi. Jike ndiye anayejenga, anayeatamia na anayelisha, peke yake. Dume hahusiki na chochote baada ya kupandana. Ukipata darubini, tazama kiota hicho kwa makini kutoka dirishani, maana ni kazi ambayo wachache hubahatika kuiona. Kina upana wa sentimita 5 hivi kwa nje, kimekaa juu ya tawi jembamba linaloinama, na ndani kimetandikwa sufi laini za mimea. Kinachoshikilia yote ni utando wa buibui, ambao jike hukusanya kwa kuuzungusha mdomoni na kifuani, kisha huubandika kiotani na kuukandamiza kwa kidevu. Kwa nje amebandika vipande vya kuvumwani ya kijivu na kijani, ile inayoota kwenye magome ya miti, hata kiota kinafanana na kifundo cha tawi lenyewe. Utando ule hunyumbulika, kwa hiyo kiota kilichowatosha mayai mawili yenye ukubwa wa punje ya harage kinapanuka kadiri makinda wanavyokua, na siku za mwisho utaona kuta zake zimelala na makinda wamekaa juu yake badala ya kuwa ndani.

Jike huatamia kwa wiki mbili hivi, na makinda hukaa kiotani kwa siku 18 hadi 22. Mwanzoni, wakiwa uchi, mama huwakalia mara kwa mara ili wasipoe. Wakishaota manyoya na kuweza kujitunzia joto lao wenyewe, huacha kuwakalia na hutumia karibu mchana wote kutafuta chakula. Anaporudi, hutua ukingoni, huingiza mdomo wake mrefu kooni mwa kila kinda na kupampu mchanganyiko wa maji ya maua na wadudu wadogo waliosagika, kisha anaondoka. Shughuli yote huchukua sekunde chache. Ukigeuka kumjibu mtoto au kupokea simu, imekupita, na ukitazama tena unaona kiota kilekile kimya na unadhani mama hajaja tangu asubuhi.

Ukimya wao ni ulinzi. Makinda wa mvumaji walioshiba hunyamaza ili kunguru, jei (ndege wa jamii ya kunguru) na kuchakulo wasiwagundue. Kinachotakiwa kukutia wasiwasi ni kinyume chake: makinda wanaolia bila kukoma kwa dakika kumi au zaidi, vichwa juu na vinywa wazi, huku hakuna anayefika. Kabla ya kuamua lolote, wape watoto wako kazi ya kukaa dirishani kwa zamu kwa saa moja kamili bila kuondoa macho kiotani, na waandike kila anapofika mama. Nina imani watamwona. Wasipomwona kabisa, na makinda wakawa wanalia au wamelegea, mpigie mtunzaji na umweleze ulichokiona, atakuelekeza. Usiwashushe kabla ya hapo, wala usiwape maji ya sukari. Sukari peke yake haina protini ya kujenga misuli na manyoya, na tone likiwamwagikia hugandisha manyoya ambayo wanayahitaji kuruka.

Mengine ni madogo. Egesha gari mahali pengine kwa wiki hizi tatu kama inawezekana, usikate matawi ya mwaloni huo hadi majani yapukutike, na usisogeze chombo cha maji matamu karibu na kiota kwa kudhani unampunguzia mama safari. Chombo huvuta wavumaji wengine, nyigu na wawindaji, na mama anayelazimika kupigana karibu na kiota chake anapoteza nguvu na kukianika.

Asali uliyotia, mama, imwage leo. Asali ni chakula kizuri kwetu, lakini ikichanganywa na maji na kuachwa kwenye joto la Juni huchacha upesi na kuotesha kuvu inayoweza kumuua mvumaji. Sukari ya kahawia na sukari guru hazifai pia, kwa kuwa zina madini ya chuma kwa kiasi ambacho mwili wa ndege huyu hauwezi kukiondoa, na vitamu vya dukani visivyo na nguvu ya chakula humwacha na njaa. Kinachofaa ni sukari nyeupe ya kawaida: nusu kikombe cha sukari kwa vikombe viwili vya maji, yaani sehemu moja kwa nne. Koroga hadi iyeyuke. Maji ya moto huharakisha, lakini yaache yapoe kabla ya kuyatia kwenye chombo. Sukari hiyo ndiyo ileile iliyo nyingi katika maji ya maua wanayoyanywa. Rangi nyekundu haina kazi, kwani sehemu nyekundu za chombo chenyewe zinatosha kuwavuta.

Usafi ndio unaotofautisha chombo kinachosaidia na kinachodhuru. Katika joto kama hili la Raleigh, badilisha maji kila baada ya siku mbili, na joto likipita nyuzi 32 yabadilishe kila siku, hata kama hayajaisha. Kila unapobadilisha, sugua chombo kwa maji ya moto na brashi nyembamba, hasa kwenye vitundu wanamoingiza mdomo, ambako vidoa vyeusi vya kuvu huanzia. Siki iliyochanganywa na maji husaidia kuving'oa, kisha suuza vizuri. Weka maji kidogo kidogo badala ya kujaza hadi juu, na utundike mahali penye kivuli. Sisimizi wakisumbua, kikombe kidogo cha maji kinachoning'inizwa juu ya chombo huwakatia njia. Usipake mafuta kwenye kamba, kwa kuwa yakishika manyoya ya ndege hayatoki. Chunguza pia kama kuna vunjajungu amejibanza kwenye chombo. Wale wakubwa huweza kumnasa mvumaji anayekunywa, na ukimkuta mhamishie kwenye kichaka cha mbali.

Nafasi kati ya chombo na dirisha nayo ina uzito. Kikiwa ndani ya mita moja kutoka kwenye kioo, ndege anayeshtuka hana mwendo wa kutosha kujiumiza. Kikiwa mita tatu au nne ndicho cha hatari. Kama kioo chako huakisi miti, bandika alama ndogo upande wa nje zikiachana sentimita 5 hivi, juu hadi chini. Kibandiko kimoja cha mwewe katikati ya kioo hakisaidii kitu.

Ama yule anayewafukuza wenzake, sina dawa ya kumbadilisha tabia, na ukishajua hesabu yake ya kila siku utamsamehe. Mabawa yake hupiga karibu mara 50 kwa sekunde, na moyo wake unaweza kufikia mapigo 1,200 kwa dakika. Huweza kusimama hewani kwa sababu bawa lake humwinua linaposhuka na pia linaporudi juu, ingawa sehemu kubwa ya nguvu hutoka kwenye kushuka. Maisha ya namna hii yanamtaka ale tangu alfajiri hadi jioni kwa vipindi vya dakika chache, na usiku wa baridi hushusha joto la mwili wake na mapigo ya moyo hadi akaonekana kama amekufa. (Ukimkuta asubuhi na mapema ameng'ang'ania tawi bila kutikisika, hata kichwa chini, mwache, jua likipanda ataamka.) Kwa ndege kama huyo, chombo kisichokauka ni mali ya kupigania. Tundika cha pili upande mwingine wa nyumba, ambako hawezi kukiona akiwa kwenye kijiti anacholindia cha kwanza, na wengine watapata nafasi.

Kijiti hicho kitafute, kwa sababu ndicho kitakachokupa nafasi nzuri ya kumtazama. Mara nyingi ni tawi kavu lililo wazi, na hurudi hapo baada ya kila kufukuzana. Kaa jua likiwa nyuma yako, asubuhi au jioni. Dume ana koo jekundu, lakini wekundu ule hautokani na rangi iliyo ndani ya unyoya bali na jinsi unyoya unavyorudisha mwanga, hivyo akigeuka kidogo tu koo linakuwa jeusi na unaweza kudhani umeona ndege wa aina nyingine. Jike ana koo jeupe, na ncha za mkia wake ni nyeupe.

Hawa si jamaa wa chozi. Chozi wa mteremko wa Kilimanjaro wako katika ukoo wa Nectariniidae, na wavumaji, ambao leo wanaishi mabara ya Amerika pekee, wako katika ukoo wa Trochilidae, karibu zaidi na teleka, ndege wenye mabawa marefu wanaokula wadudu wakiruka, kuliko na chozi. Mdomo mrefu, ulimi wa kufyonza na manyoya yanayometameta vimetokea kwao mbalimbali kwa kuwa wote wanategemea maua. Tofauti zinaonekana hata bila darubini: chozi kwa kawaida hutua kwenye ua ndipo anywe, na kiota chake ni mfuko unaoning'inia wenye mlango ubavuni. Tena kwa chozi dume husaidia kulisha makinda, jambo ambalo mvumaji koo-jekundu hafanyi kamwe.

Ukitaka kuwasaidia kwa jambo la kudumu kuliko chombo, panda maua ya asili ya huku. Mmea mtambazi uitwao *Lonicera sempervirens* hutoa maua mekundu marefu tangu majira ya kuchipua na hupanda uzio bila kuharibu kitu. *Monarda didyma* hufuata katikati ya kiangazi. *Lobelia cardinalis*, anayependa udongo wenye unyevu, huchanua mwishoni, wakati wavumaji wanajinenepesha kwa safari. Acha kabisa dawa za kuua wadudu. Mvumaji hula vidukari, visubi na buibui wadogo kila siku, na huo utando wa buibui uliounganisha kiota cha juu ya gari lako usingepatikana katika ua uliopuliziwa dawa.

Safari yenyewe huanza mapema kuliko watu wanavyotarajia. Madume wazima hutangulia, wengine tangu mwisho wa Julai, na wengi wa waliobaki wameondoka North Carolina ifikapo katikati ya Oktoba kuelekea Mexico na Amerika ya Kati. Makinda wa mwaka huu husafiri kila mmoja peke yake, bila mkubwa wa kuwaongoza. Wengi wao hujinenepesha hadi uzito ukaribie kuongezeka maradufu, kisha huvuka Ghuba ya Mexico, kiasi cha kilomita 800, kwa mruko mmoja. Utasikia ushauri kwamba chombo kiondolewe Septemba ili ndege wasichelewe kwa uroho. Haufai kufuatwa, kwa kuwa kinachowaondoa ni kupungua kwa urefu wa mchana, na anayepita amechoka kutoka kaskazini anaweza kukihitaji sana. Kiache angalau wiki mbili baada ya kumwona wa mwisho.

Kwa North Carolina unaweza hata kukiacha wakati wote wa baridi, mradi usiache maji yagande na uendelee kuyabadilisha. Baadhi ya koo-jekundu hubaki kwenye pwani ya jimbo hilo, na aina nyingine kutoka magharibi, mvumaji wa rangi ya kutu, hufika kusini-mashariki kila mwaka kwa idadi ndogo kati ya Novemba na Machi. Akitokea mvumaji kwenye chombo chako Desemba au Januari, mpige picha ya mgongo, koo na mkia uliokunjuliwa, kisha uitume kwa wataalamu wa ndege wa jimbo, kwa maana wageni hao wa baridi hutambuliwa kwa manyoya ya mkia na mara nyingi hakuna mwingine aliyewaona.